Msituni Hatuitani Majina

Kazi yangu ni kutowaamini watu. Nipo kitengo cha madai katika kampuni ya bima Dar es Salaam, mwaka wa tisa sasa, na kila siku ya Mungu naletewa gari ambalo eti limegongwa na mti, au duka lililoungua wiki ile ile mwenye duka alipohamisha bidhaa zake zote. Natafuta kosa ni la nani, nagonga mhuri, naenda kula. Kazi ya namna hii inamtia mtu kutu moyoni. Mwezi wa nne nilipopewa likizo ya siku saba na wenzangu wakaanza kunipigia hesabu za Zanzibar, nilinunua begi la mgongoni la mtumba, la kijani, lenye kamba nyingi ambazo mpaka leo sijui zinafanya nini, nikawaambia naenda Ruangwa.

"Ruangwa kuna nini, Marietha?"

"Msitu wa mvua."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Kwa watu wa ofisini kwetu, kusini ni korosho na vumbi, basi. Mimi mwenyewe sikuamini sana. Mtandaoni nilikuta picha tatu na maneno machache: Kambi ya Msitu wa Namikulo, mali ya kijiji, njoo upumzishe nafsi. Nilikwenda nusu kwa kupumzika na nusu kwa hamu ya kuwakamata waongo.

Nilishuka Nachingwea, nikachukua Noah, gari dogo la abiria, mpaka Ruangwa, halafu bodaboda, halafu miguu. Na msitu ulikuwepo. Juu ya kilima, ukishapita mashamba ya ufuta na mikorosho, kuna miti mikubwa imebanana, mibichi kabisa. Asubuhi ukungu unapanda kutoka bondeni unakuja kukaa humo, na majani yanadondosha maji hata siku ambayo mvua haijanyesha. Pembeni ya msitu kulikuwa na vibanda vitatu vya udongo vilivyoezekwa nyasi, bafu la ndoo, na choo ambacho ukimaliza haja unamwagia majivu. Nilitafuta cha kulalamikia nikakosa, nikakasirika kidogo.

Aliyenipokea ni binti wa miaka ishirini na mbili aliyevaa buti za mvua zilizomzidi namba mbili. Jina lake Zulfa. Alinyakua begi langu kabla sijamkataza.

"Karibu dada. Hapa mambo ni freshi tu, ila mtandao usiuulizie."

Jioni hiyo, tukiwa tunakula ugali wa muhogo na uyoga, aliniambia habari zake bila kuulizwa. Alikuwa amewekwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Ijumaa kamati ya maliasili ya kijiji ingekaa kuamua. Wakimkubali, angekuwa mwongozaji wa kambi kwa barua na mhuri. Wakimkataa, nafasi ingekwenda kwa kijana anayeitwa Mustafa, na yeye angekwenda Mbagala kulea watoto wa dada yake.

"Keshanitumia ujumbe kabisa kwamba godoro lipo," alisema.

"Na wewe Mbagala hutaki?"

"Dada, mimi mti nikiugusa nimefumba macho nakutajia jina lake. Mbagala nitagusa nini?"

Nikamwuliza nafasi yake anaionaje. Akasema mwenyekiti, Mama Albina, anampenda, lakini kwenye kamati kuna Mzee Yunusi, ambaye ndiye mlinzi wa mila za msitu, na Mustafa ni mpwa wake. Alhamisi huyo mzee na mpwa wake wangetembea nasi msituni kumkagua. Mimi ndiye nilikuwa mgeni wa mwisho kabla ya kikao, kwa hiyo kama kuna siku ya kuharibika, isiwe hiyo.

"Usinizingue tu, dada," akasema akicheka, lakini macho hayakucheka.

Asubuhi ya kwanza, kabla hatujaingia msituni, alinipa masharti matatu. Usichume kitu. Usiwashe moto. Na humo ndani mtu haitwi jina.

"Kwa nini?"

"Jina likiitwa msituni linabaki msituni. Na ukisikia lako linaitwa, usiitike, maana hujui anayeita ni nani. Ukimtaka mwenzako, unaweka mikono hivi, unapiga mwito." Akakusanya viganja mdomoni, akatoa mlio wa chini, mrefu, unaotoka tumboni. Huuuu. "Mwenzako akisikia, naye anakujibu hivyo hivyo. Haya, jaribu."

Nilimtazama. Mimi mtu mzima, mtoto wa Kihaya, nina shahada na deni la benki, nisimame porini nilie kama bundi? Nikamwambia nimeelewa, tuendelee. Alinisihi mara mbili, mara ya tatu akaona aibu kumlazimisha mgeni. Nayaandika haya kwa sababu ndipo kosa lilipoanzia, na mtu akitafuta siku yake ni Jumatano, saa moja asubuhi.

Siku hiyo ilikuwa nzuri kuliko nilivyostahili. Zulfa hakunisomea maelezo ya kukariri. Alinionyesha mti ambao bibi yake alikuwa akichemsha gome lake kwa ajili ya tumbo, akanionyesha alipodondoka yeye akiwa na miaka tisa na mzigo wa kuni kichwani, akaninyamazisha ghafla ili nisikie ndege wakubwa waitwao hondohondo wanavyopiga mabawa juu yetu kama mtu anayekung'uta mkeka. Niligundua saa sita kwamba tangu asubuhi sijamtilia shaka mtu yeyote. Nilitaka kulia, nikasingizia jasho.

Alhamisi tukaenda wanne. Mzee Yunusi alikuwa na miaka kama sitini na minane, mwembamba, kofia nyeupe safi, fimbo mkononi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza natoka wapi. Nikasema kwetu Bukoba.

"Mbali," alisema. Hayo tu. Mustafa alikuwa kijana mpole tu, hana ubaya, anapiga picha kila kitu kwa simu. Zulfa alitangulia mbele, mabega yamekakamaa.

Tulipofika katikati ya msitu nikaomba kujisaidia. Zulfa akanionyesha kichaka, akasema watanisubiri pale pale, nisivuke gogo lile. Nilipomaliza, ndege mmoja mwenye shingo ya bluu akatua upande wa pili wa gogo. Nilivuka. Nilitaka picha moja. Akaruka, nikamfuata hatua kumi, halafu nyingine kumi. Nilipogeuka, ukungu ulikuwa umeshuka, na gogo silioni, na kila upande ni ule ule.

Sikuogopa mara moja. Kwanza nilikasirika, kama ilivyo desturi yangu. Kisha nikatembea kwenda nilikodhani ni nyuma, mguu ukateleza, na jiwe nililolipiga likaanguka chini kwa muda mrefu kabla sijalisikia linatua. Hapo ndipo woga uliponishika kweli. Nikakumbatia mti, nikapaza sauti.

"Zulfa! Zulfa!"

Kimya. Nikaita tena, nikaita mpaka koo likakauka. Halafu nikasikia kitu. Huuuu. Kilitoka upande wa kushoto, chini chini, kirefu.

Natamani niseme nilikumbuka. Sikukumbuka. Nilijua ni mnyama. Nikasogea mbali nacho, kwa magoti, nikishika mizizi, na kila kilipolia nilizidi kwenda upande mwingine huku nikiita, "Zulfa! Zulfa, nisaidie!" Ikapita nusu saa, labda zaidi. Mlio ule ukakoma. Hapo nikabaki na sauti yangu peke yake, nikaanza kumwomba Mungu kwa Kihaya, lugha ambayo sijamwombea tangu utotoni.

Ndipo nikasikia, "Naam! Naam, dada! Kaa hapo hapo, usisogee! Endelea kuniita!"

Nikaita, akaitika. Nikaita, akaitika. Kila "naam" ilikuwa karibu zaidi, mpaka buti zile kubwa zikatokea kwenye ukungu, na Zulfa juu yake, analia waziwazi.

"Ulikuwa wapi wewe?" nilimfokea. Ndivyo nilivyomshukuru.

"Nilikusikia tangu mara ya kwanza," alisema.

Aliniambia tukiwa njiani. Walikuwa karibu kabisa. Niliposema "Zulfa", Mzee Yunusi aliweka fimbo mbele ya Zulfa, akamwambia asiitike. Wakapiga mwito. Sikujibu. Wakapiga tena na tena, na badala ya mwito wakasikia jina tu, tena linazidi kwenda mbali, kuelekea kwenye korongo. Mzee akasema, "Hiyo si mtu. Mtu angejibu. Hiyo inataka kukupeleka korongoni." Na kwa jinsi ilivyokuwa, hata mimi mkaguzi wa madai ningeamua vivyo hivyo. Mwishowe Zulfa alipita chini ya fimbo, akaitika.

Tulipowafikia, Mustafa alinipa maji. Mzee Yunusi hakunitazama. Alimtazama Zulfa muda mrefu, akageuka, akatangulia kurudi.

Ijumaa baada ya swala kamati ilikaa kwenye ofisi ya kijiji. Mama Albina alikaa mbele, mwanamke wa Kimakonde, mnene, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma wakitoka Msumbiji, na sauti yake haihitaji kipaza. Wajumbe walikuwa saba, na Mustafa alisimama karibu na mlango. Zulfa alikaa kwenye benchi la pembeni, mikono katikati ya magoti, amevaa viatu vya kawaida kwa mara ya kwanza, na alionekana mdogo. Mwenyekiti alimpa Mzee Yunusi nafasi ya kueleza.

Alieleza kwa kifupi, tena bila chuki. Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu maneno.

"Makosa mawili. La kwanza, mgeni kapotea. La pili, jina limeitwa msituni, yeye kaitika. Sheria hiyo haikutungwa na mimi. Nimeikuta. Mimi nailinda tu."

Wajumbe wawili wakatikisa kichwa kukubali. Nilimwona Zulfa anafumba macho, na nikajua tayari anaona Mbagala.

Nikaomba kusema. Nimeandika ripoti elfu kadhaa katika maisha yangu, na zote zinaishia sentensi moja: kosa ni la fulani. Sijawahi kuandika jina langu kwenye nafasi hiyo.

"Kosa la kwanza ni langu," nikasema. "Aliniambia nisivuke gogo, nikavuka. La pili nalo ni langu. Alinifundisha mwito, nikaona ni wa kitoto, nikakataa kujifunza. Ndiyo maana mlipoupiga niliukimbia. Nilidhani ni fisi."

Kicheko kilitoka nyuma, kikakua, na Mama Albina mwenyewe akafunika mdomo kwa kanga.

"Fisi!" alisema. "Mzee Yunusi, umesikia unavyoitwa?"

Mzee hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa. Halafu akamgeukia Zulfa.

"Mjukuu wangu, nataka nikuulize. Ulipoitika, ulijua ni yeye?"

Hapo Zulfa angeweza kudanganya. Watu mia wamenidanganya kwa jambo dogo kuliko hilo. Akasema, "Hapana, babu. Sikujua."

"Hukujua, na ukaitika."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilisema kama si mtu, basi litakalonikuta litanikuta. Lakini kama ni mtu, ananisubiri mimi. Hakuita mwingine. Ameniita mimi."

Mzee Yunusi alivua kofia yake, akaiweka magotini, akawa anaikunja na kuikunjua. Nilidhani anatafuta maneno ya kumhukumu.

"Mimi niliitwa," alisema.

Hakuna aliyemwelewa. Akaanza upya. Alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, ameingia msitu huu huu na rafiki yake Amedeus kutafuta asali. Walitoka pamoja, wamekula sahani moja tangu utoto, mmoja wa msikitini na mwingine wa kanisani, watu wakiwaita mapacha. Ukungu ukashuka, wakapotezana. Alipiga mwito, hakujibiwa. Halafu akasikia jina lake. Yunusi, Yunusi.

"Sikuitika. Nikarudi nyumbani, nikafunga mlango. Nikawaambia wazee nimeitwa msituni. Wakasema umefanya vizuri, umejiokoa." Aliikunja tena kofia. "Wakata miti walimkuta siku ya tatu. Mguu umevunjika, kifua kimepigwa. Mwito unataka kifua, mwanangu. Kifua kikiumia, mtu huwezi kupiga mwito huu. Unaweza jina tu."

Mama Albina alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Amedeus huyu wa Chiola? Anayechechemea?"

"Huyo. Tunakutana mnadani, salamu ananipa. Lakini jina langu hajalitaja. Miaka hamsini na zaidi. Ananiambia 'wewe'. Na mimi sikuwahi kumwambia pole, maana ukisema pole umekiri." Alimtazama Zulfa. "Sheria nimeilinda kuliko wote hapa. Sikuilinda kwa sababu ni nzuri. Kama sheria si ya kweli, basi mimi nilimwacha mwenzangu. Nilikuwa naogopa hilo. Jana nimesimama pale na fimbo, namzuia huyu mtoto afanye nililopaswa kufanya mimi."

Nilikuwa nalia, na sikusingizia jasho. Mustafa alitoka nje akasimama barazani.

Mzee akavaa kofia. "Mimi mkono wangu kwa Zulfa," alisema, akaunyoosha kabla mwenyekiti hajaomba kura. Ikafuata mingine sita. Mama Albina aliandika, akagonga mhuri kwa nguvu mpaka meza ikalia, na nimegonga mihuri maisha yangu yote lakini ule ndio wa kwanza kuupenda. Kisha wakaongeza mstari kwenye masharti ya kambi. Mgeni asiyejua kupiga mwito haingii msituni, hata awe na shahada. Na mtu akisikia jina lake, aitike.

Nilipiga mwito wangu wa kwanza hapo hapo ofisini, mbele ya kamati nzima. Walisema ni mbaya sana lakini unasikika.

Jumamosi asubuhi Zulfa alinisindikiza. Alikuwa na safari yake pia, kwenda Nachingwea kupiga picha za kitambulisho cha kazi, na nywele alikuwa amesukwa upya. Kwenye Noah tulimkuta Mzee Yunusi amekaa kiti cha mbele, kanzu imepigwa pasi, mfuko mdogo wa ufuta miguuni. Nikampa shikamoo. Safari hii aliitikia na kuniuliza nimelalaje. Sikumwuliza anakwenda wapi.

Tulipoingia Chiola akamgusa dereva bega. Alishuka, akauchukua mfuko wake, akavuka barabara, na hatua chache kutoka kwenye uwanja wa nyumba moja ya bati akasimama. Alisimama tu. Uwanjani mzee mwingine alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu mmoja ameunyoosha, anamenya karanga, mgongo ameupa barabara. Dereva akashika gia. Zulfa akamwambia, "Kaka, subiri kidogo, nakuomba," na dereva akasubiri.

Mzee Yunusi aliweka mfuko chini. Hakupiga hodi, na hakupiga mwito.

"Amedeus!" aliita, na sauti ikakatika katikati. Akaita tena. "Amedeus!"

Yule mzee aliacha kumenya. Hakugeuka upesi. Alipogeuka alimtazama aliyesimama pale, akautazama mfuko, akamtazama tena. Zulfa alikuwa amenishika mkono mpaka unauma.

"Umechelewa, Yunusi," alisema. Akasogea kwenye mkeka, akampisha nafasi. "Kaa hapa, unisaidie hizi karanga."